Kovu Lisilokuwepo

Mama Chausiku, jirani yake Siwema, anadai kwamba mumewe mpya alitoka kwenye kibanda cha video akilia. Filamu za Nahodha wa Nyota zimeanzishwa upya na waigizaji wengine, na safari hii nahodha anakufa.

"Ati huko kwao alikotoka, nahodha hafi," alisema Mama Chausiku akicheka. "Mwanaume mzima, shoga yangu, kamasi hadi mdomoni."

Siwema hakucheka. Siku hizi ukifiwa, unaletewa mtu yule yule kutoka mkondo mwingine wa wakati, jina lile lile, uso umebadilika kidogo, kama nahodha. Unampokea kwa uji wa moto na humuulizi kaacha nini huko. Ndiyo adabu.

Mama yake Siwema naye aliletwa hivyo, baada ya arobaini ya yule aliyemzaa. Leo alimkalisha Siwema mkekani, akaanza kumsuka. Mikono ilikuwa miepesi, mafuta ya nazi yalinukia vilevile, na usingizi ukamjia Siwema kama alipokuwa mdogo. Ila kila kitana kilipofika juu ya sikio la kushoto, kilipunguza mwendo, kikazunguka.

"Mbona unapakwepa hapo, mama?"

"Nisije nikakutonesha kovu lako, mwanangu."

Siwema alipapasa. Ngozi ilikuwa laini, haina alama. Kumbe huko alikotoka mama kuna Siwema mwingine, kichwa chenye kovu, na sasa hakina wa kukisuka.

"Mama," alisema taratibu, "nisimulie yule wa huko aliumiaje."

Kitana kilifika juu ya sikio, kikazunguka.