Dawa ya Injini

Kaka alikuwa ameshainamisha chupa. Dawa ya kuongeza uzito wa oili ilishuka taratibu kwenye mdomo wa injini, kama asali wakati wa baridi.

"Kaka, beringi zimekwisha," alisema mdogo wake, fundi wa magari. "Kibogoyo haoti meno kwa kunywa uji mzito."

"Hapa wameandika inaponya."

"Wangeandika inapaisha, ungepaa?"

Mama alicheka kwenye kiti cha nyuma, kisha akajishika ubavu. Hospitali ya upasuaji ilikuwa ng'ambo ya mlima, walikuwa wanamsubiri leo, na gari jingine halikupatikana.

Kaka akawasha. Ule mlio wa ko-ko-ko uliowatesa tangu asubuhi ukapotea. Akarukaruka kama aliyefunga goli.

"Oili ikipata moto italegea," fundi akamnong'oneza. "Mlimani injini itagonga tena, halafu izime."

Kaka akaacha kuruka. "Basi nipe gari jingine, mdogo wangu."

Fundi hakuwa nalo. Alisugua tone la oili kati ya vidole, likavutika kama kamasi.

"Mwanangu," mama aliita, "mbona umenuna? Si limepona?"

Fundi alifuta vidole kwenye ovaroli, akamfungia mama mlango.