Vyungu vya Melbourne

Chungu kingine kilifika Ijumaa, kimeviringishwa magazeti ya Melbourne, na Fuatino alipokiona alicheka mpaka akashika kiuno.

“Kimepinda! Ala, hata mlevi angefinyanga vizuri zaidi.”

Pouli, mumewe, alikifuta vumbi taratibu.

Upuuzi mtupu! Hapa Apia, watu wenye akili hupanga foleni dirishani benki kupokea pesa za watoto wao walioko ng’ambo. Pouli peke yake ndiye aliyesimama foleni hiyo kupeleka. Anauza magimbi, anashika tala zake za Samoa, benki inazigeuza dola za Australia na kumega ada yake, na kinachobaki kinamwendea mfinyanzi asiyejua hata chungu kikae vipi. Wakati huohuo bati la jikoni linavuja juu ya sufuria.

“Nani huyo anayekutapeli?”

“Hanitapeli. Anauza, nanunua.”

“Hana jina?”

“Ana vyungu, mama Lagi.”

“Nimekwambia usiniite hivyo!”

Lagi alikuwa binti yao wa pekee. Fuatino aliuza nguruwe na mikeka ya marehemu mama yake ili amsomeshe unesi Auckland, na binti akatoroka chuo. Tangu siku hiyo Fuatino alimwita “nesi wa vidole tisa”, kwa sababu panga lilimkata Lagi kidole cha kati cha mkono wa kulia akiwa mdogo. Akamwapisha Pouli mbele ya mchungaji: mtoto yule asipewe hata senti moja mpaka aje kupiga magoti. Hajaja, wala hajaandika.

“Afadhali hata ungekuwa unampa yule mshenzi,” alisema Fuatino, “ningejua pesa zinapotelea wapi.”

“Niliapa sitampa. Sijampa.”

Fuatino akasonya. Mwanamume mzima, na udongo uliopinda! Alikuwa amechoka kuchekwa na wanawake wa kanisani. Leo ndiyo leo: ama vyungu vitoke, ama yeye arudi kwa kaka zake.

Pouli alipokwenda shambani, Fuatino alivibeba vyungu bandani, akavijaza maji ya nguruwe. Kilibaki hicho kipya. Kwenye mdomo wake, kama kwenye vyungu vyote vile, mfinyanzi alikuwa ameacha alama za mkono uliokikamata kabla hakijakauka.

“Hata kushika hajui,” alisema kwa sauti, ingawa hapakuwa na wa kumsikia. Akakinyanyua akivunje kabisa.

Vidole vyake vikazama kwenye zile alama, kana kwamba alipimiwa. Gumba likapata pake. Cha shahada kikapata pake. Cha pete nacho, na cha mwisho.

Cha kati kikakosa pa kukaa.