Jina la Dada wa Kazi

Spesioza alifuta meza ileile mara ya nne. Sheria ya msamaha haikutaka karatasi. Mfanyakazi wa ndani aliyeingia nchini bila kibali alisamehewa, na kulipwa mshahara kamili na mwajiri wake, ikiwa mtoto aliyemlea atamtaja kwa jina lake la kweli mbele ya mashine.

Siku alipoajiriwa alijiita Rehema, asijulikane kuwa ni Mrundi. Wiki nzima alikuwa amemfundisha Tulia, wa miaka sita, jina hilo la kweli wakiosha vyombo.

"Huyu ni nani?" mashine iliyowekwa mezani ikauliza.

Tulia akasita.

"Usidanganye, mwanangu," mama yake akasema, akimpapasa nywele.

"Dada Rehema!"

Taa nyekundu ikawaka.

"Nimepatia, dada?"

"Umepatia," akasema Spesioza, akaanza kuvua aproni.