Kisima cha T. Mbewe

Visima elfu hamsini vilishuka hadi thelathini na kimoja, na Mzee Mbewe bado hakuwa ameondoa macho kwenye kompyuta.

"Hao watunzaji wote ni T. Mbewe?" aliuliza.

"Wote, mzee. Ukoo wenu umejaa Malawi nzima kama dagaa. Lakini usijali, tutawachambua."

Zione alikuwa mchora ramani katika ofisi ndogo mjini Zomba, na kwa kazi hiyo hakuwa na mpinzani. Alikuwa na ugonjwa mmoja tu: kupenda kushukuriwa. Mzee huyu mwenye mvi alikuwa ameingia saa mbili asubuhi, kofia mkononi, akimtafuta binti yake wa pekee, Tamandani, ambaye, kwa maneno ya mzee, hakuwa amemwona tangu mafuriko ya miaka mitatu iliyopita. Muuza nyanya mmoja alikuwa amekutana naye. Jina la kijiji hakulikumbuka. Alichokumbuka ni kwamba Tamandani ndiye anayetunza funguo za kisima cha pampu, karibu na shule, mahali ambapo mashamba ya chai yanaonekana.

Kwa mtu mwingine hayo yangekuwa maneno matupu. Kwa Zione yalikuwa kazi ya asubuhi moja. Orodha ya visima vya nchi nzima ilikuwa wazi mtandaoni, yeyote aipakue bure: mahali kisima kilipo, mwaka kilipochimbwa, jina la mtunzaji, na namba yake ya simu ili mafundi wampate pampu ikiharibika.

"Dada Zione, hayo majina si tulikubaliana tuyafiche?" aliuliza Limbani kutoka meza ya pili.

"Data ya umma ni ya umma, Limbani. Wewe ungemficha mzazi mtoto wake?"

"Haya, nimenyamaza. Ukimaliza hapo nitafutie na mimi mke wangu aliyenikimbia."

Wakacheka wote. Mzee Mbewe alicheka mpaka akajifuta machozi.

Zione akapakua orodha ya shule, akaitandaza juu ya visima. Vikabaki kumi na viwili. Akapakua ramani ya mashamba, akatia kijani penye chai. Vikabaki viwili. Kimoja kilikuwa cha zamani, na mtunzaji wake hajabadilika kwa miaka ishirini. Akakifuta. Ikabaki nukta moja nyekundu chini ya mlima Mulanje.

"Huyo hapo mwanao," alisema Zione.

Mzee alinyoosha kidole, akaigusa ile nukta taratibu.

"Ila nisamehe, mzee. Kwa nini hukuwauliza wajomba zake? Kwetu binti hapotei wajomba wakiwapo."

"Wajomba zake hawanipendi, mwanangu. Wanajua alipo na hawasemi. Kila nikienda wananifungulia mbwa."

"Watu wana roho mbaya!" alisema Zione, na alimaanisha. Hasira ikamfanya azidishe wema. Akafungua picha ya satelaiti, akaivuta karibu mpaka bati la nyumba moja likaonekana, hatua chache kutoka kisimani.

"Hii ndiyo yake. Mtunzaji huwa ni mwenye nyumba ya karibu."

"Na majirani?"

"Wako ng'ambo ya kijito. Kama mita mia nne."

"Maskini. Yuko peke yake."

Zione akaongeza kituo cha basi, kisha njia ya miguu inayopita katikati ya michai. Akaongeza na kituo cha polisi, ili mzee akipotea ajue pa kuomba msaada. Kompyuta ikapima umbali wake kutoka kwenye ile nyumba: kilomita kumi na tisa. Mzee akaomba apime tena. Zikawa kumi na tisa zilezile, naye akaitikia kwa kichwa, akashukuru.

Ramani ilichapwa kwa rangi na kufunikwa plastiki isilowe. Mzee Mbewe akaipokea kwa mikono miwili, goti likiwa limekunjwa, akatoa kifuko cha karanga kama asante. Zione alikuwa tayari ameshika simu.

"Ngoja nimpigie, akusongee hata nsima."

Mzee akamshika mkono kwa upole.

"Usimpigie, mwanangu. Nataka nimshtukize. Jumamosi nitakuwa nimefika."

Ijumaa nzima Zione alisimulia habari hiyo kwa kila aliyemkuta, na kila mara alijisikia mtu bora zaidi. Jumamosi, saa tisa alasiri, akashindwa kuvumilia. Alitaka asikie mwenyewe kilio cha furaha. Akabonyeza namba iliyokuwa kwenye orodha.

"Tamandani? Mimi ni Zione, wa ofisi ya ramani Zomba. Ndimi niliyekutafuta mpaka nikakupata! Haya, nisikilizishe hivyo vigelegele. Baba ameshafika?"

"Baba gani?"

"Baba yako. Mzee Mbewe, yule wa mvi, mpole sana."

Ile sauti ikashuka ikawa mnong'ono.

"Dada, baba yangu nilimzika nikiwa darasa la tano. Umemwambia nani ninapoishi?"

Zione akasikia mlango ukigongwa huko kwenye simu, mara tatu, bila haraka.

"Hodi, mke wangu."