Wagonjwa Saba

Muuguzi alikuwa akiwaeleza wenzake makala ya utafiti wa dawa mpya ya kifua alipogundua, mbele ya watu wote, kwamba hesabu hailingani. Walioanza dawa walikuwa arobaini na wanane. Majibu yalikuwa ya watu arobaini na mmoja.

Makala aliisoma mara nne, akaipigia mistari, na bado hilo lilimpita.

Mwandishi wa makala hiyo, daktari mkuu wa wodi, aliketi mstari wa mbele.

"Unaeleza vizuri, binti yangu," alisema. "Endelea."

Muuguzi aliweka kidole ukutani, juu ya jedwali. Mwanga wa projekta ukamwandikia tarakimu mkononi.

"Samahani, daktari. Hawa saba walikwenda wapi?"

Daktari alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai, akaivaa tena.

"Waliacha dawa."

"Kwa hiari yao?"

Nyuma kabisa akasimama mama mtunza mafaili, ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akifungua mdomo kwenye kikao.

"Mafaili yao ninayo mimi," alisema. "Daktari aliniambia niyaweke kando."