Kamba Mkononi mwa Ambakisye

Mchungaji aliwaambia vijana wafumbe macho waombe kabla ya zoezi la kuaminiana. Tusekile alifumba, kisha akafumbua jicho moja aikague kamba iliyofungwa kiunoni mwake. Ncha ya pili ilikuwa mkononi mwa Ambakisye, aliyekuwa mwalimu wa kwaya. Naye hakuwa amefumba. Alikuwa akimtazama yeye.

Tusekile ndiye aliyewaambia wazee wa kanisa kwamba amemwona mwalimu baa, nao wakamsimamisha kufundisha kwaya. Jina la aliyewaambia halikutajwa. Lakini leo, kati ya vijana wote, Ambakisye alijitolea kumshikia kamba yeye.

"Panda, dada," alisema baada ya amina. "Nimekushika."

Tusekile akapanda mti, akaanza kutembea juu ya waya uliounganisha miti miwili, kamba yake ikiwa imepitishwa kwenye waya mwingine juu ya kichwa chake. Kila alipopiga hatua, Ambakisye alilegeza kamba kidogo. Alilegeza kwa upole, na upole huo ndio uliomtia Tusekile wasiwasi.

Alipofika katikati, kamba ikakaza.

Akatazama chini. Ambakisye alikuwa ameizungusha kiunoni mwake mwenyewe, ameketi, visigino vimezama udongoni. Hata kama Tusekile angeteleza, asingeanguka; wala asingeweza kusonga mbele.

Ambakisye alingoja pambio walilokuwa wakiimba wenzao likolee, wasisikike. "Ni wewe uliyekwenda kwa wazee."

"Ni mimi, mwalimu."

"Haya. Pita."

Tusekile akainua mguu, akangoja kamba ilegee.