Milimita Kumi

Mama mkwe alikuwa tayari kitandani, amevalishwa gauni la hospitali, pale mke wa mwanawe alipoiona namba yake mwenyewe ukutani.

Ilikuwa kwenye karatasi ya maelekezo iliyobandikwa juu ya mashine: mrija usizungushwe kwenye kitu chenye unene wa chini ya milimita kumi. Kumi. Aliisoma mara mbili.

"Mbona umesimama kama uliyeacha jiko linawaka?" mama mkwe akamuuliza. "Anayeingizwa waya kifuani ni mimi, si wewe."

Muuguzi alicheka. Mke wa mwanawe hakucheka.

Nyumbani walimwita Mama Kiasi Gani. Kazi yake ilikuwa kuandika madai ya hataza, yaani zile sentensi zinazosema mvumbuzi kavumbua nini hasa, ili mwingine asije akakinyakua. Mvumbuzi akisema kifaa chake ni chembamba, yeye anauliza, kiasi gani? Akisema kinajikunja vya kutosha, anauliza, kutosha kwa nani? Ombi lisilo na vipimo ofisi ya hataza ililirudisha na neno moja tu: halieleweki. Kwa miaka kumi na minne yeye hakuwahi kurudishiwa hata moja, na jambo hilo alilitaja mezani mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

Miaka mitatu nyuma, shemeji yake, mdogo wa mumewe, fundi wa vifaa vya hospitali, alimletea mrija aliouunda: maelfu ya nyuzi za kioo, kila mmoja mwembamba kuliko unywele, zimefungwa pamoja ili zilete picha kutoka ndani ya pafu. Kesho yake alikuwa anauonyesha kwenye maonyesho ya wahandisi. Ukishaonekana hadharani kabla ya ombi kupokelewa, basi, hataza imekwenda na maji.

Ofisi ilifungwa saa kumi alasiri. Saa kumi kasorobo sentensi zote zilikuwa zimenyooka isipokuwa moja, iliyobaki na pengo: mrija unaweza kuzungushwa kwenye kijiti chembamba kiasi gani bila nyuzi kukatika? Alimpigia shemeji. Simu iliita mpaka ikachoka. Akapiga tena. Zilipobaki dakika tano akaandika kumi, kwa sababu kumi ilikaa vizuri pale, akakimbia kwenye dirisha la kupokelea maombi na karatasi zake. Alijiambia atamuuliza kesho.

Kesho ikawa wiki, wiki zikawa cheti chenye muhuri. Aibu ikishapata pa kukaa haiombi kiti. Shemeji hakuwahi kuitaja namba ile, naye hakuthubutu kuuliza. Jumapili shemeji alikuja kula kwao, vidole vimejaa plasta, na kila alipoulizwa mrija utafika lini hospitalini alijibu bado kidogo, hata mama yake akaanza kumwita Bwana Bado. Mama Kiasi Gani alikuwa akiomba kimoyomoyo hiyo bado iendelee. Namba ya uongo ikiwa kabatini haimuui mtu.

Lakini bado iliisha, mrija ukaingia hospitalini, na sasa daktari alikuwa anavaa glavu.

Mama Kiasi Gani alisema anakwenda msalani, akatoka. Shemeji alikuwa koridoni, amekuja kukaa karibu kwa sababu mgonjwa ni mama yake mzazi. Alimshika shemeji mkono, akamwingiza kwenye stoo ya mashuka na kufunga mlango.

Alimweleza yote bila kujitetea: simu, dirisha, dakika tano, na kwamba watu sasa wanaukunja mrija wakiiamini kumi aliyoiokota hewani.

"Niliibuni, shemeji. Nyuzi zikikatika ndani ya kifua cha mama, mimi ndiye nitakuwa nimezivunja. Nenda kamwambie daktari aache, au nakwenda mwenyewe."

Shemeji hakusogea. Alimuuliza kama ana hakika na anachosema. Akajibiwa kwamba mtu asiye na hakika hajifungii stoo na shemeji yake saa nne asubuhi.

Shemeji akajitupa juu ya furushi la mashuka, akajipangusa uso kwa viganja viwili. Mama Kiasi Gani alingoja atukanwe. Aliona ni haki yake kutukanwa, na alikuwa tayari kuyapokea yote ilimradi mlango ufunguliwe upesi.

"Kwa hiyo si ofisi ya hataza iliyotaka kumi?" shemeji aliuliza taratibu.

"Ofisi ilitaka namba tu. Hiyo kumi ni yangu."

Shemeji akaanza kutikisika mabega, na haikujulikana kama analia au anacheka.

"Nilipoiona kwenye cheti nilidhani ndicho kiwango cha serikali," alisema. "Mrija wangu ulikuwa unakatika kwenye milimita ishirini na tano, shemeji. Nikaona aibu kukwambia. Imenichukua miaka miwili, na mirija mia moja na themanini, kuifikia hiyo kumi yako."